Gari Likifika Mwisho wa Njia

Mtu akisikia kwamba niliendesha ambulansi Bukavu, swali lake la kwanza huwa juu ya mbio. Nilikimbia kiasi gani? King'ora kilifungua njia? Jibu langu huwaudhi wengi: nilikuwa dereva wa polepole, na ndiyo sababu nilidumu kazini.

Mji wetu umekaa juu ya vilima na rasi zinazochoma Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Wabelgiji walipouita Costermansville walijipangia barabara nzuri huku chini, Muhumba, Nguba na Labotte, karibu na maji na upepo. Kadutu wakawaachia wafanyakazi wao. Baadaye watu wakaongezeka, vita vya vijijini vikaleta wengine, nyumba za mbao zikashika kila mteremko mpaka kwenye makorongo, na barabara zikabaki zile zile. Ndiyo maana hapa ambulansi haifiki mlangoni. Inafika mahali fulani, inasimama, na kazi inaanzia hapo.

Shirika lenye ambulansi liliniajiri mwaka 2006. Kabla ya hapo nilikuwa shofere wa lori kati ya Uvira na Bukavu, nikipanda na kushuka mlima wa Ngomo, ambako ukikosea kona moja bidhaa za watu zinaishia bondeni nawe pamoja nazo. Nilidhani hiyo ndiyo sifa iliyonipatia kazi. Muuguzi mkuu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa katekisimu, hakuniuliza hata swali moja juu ya Ngomo. Aliniambia nilale kwenye machela nyuma ya gari, akanifunga mikanda miwili, kifuani na mapajani, akamwambia dereva aliyekuwepo anipeleke mpaka hospitali ya Panzi na kunirudisha.

Waliopita njia ile wakati wa mvua wanajua nasema nini. Nikiwa nimelala, kichwa kikielekea mbele, kila shimo liliingia kwenye uti wa mgongo kabla sijalisikia kwa masikio. Breki za ghafla zilinisukuma utosi kuelekea ukuta wa chuma. Dari lilikuwa na taa moja ndogo, na macho yangu hayakuwa na pengine pa kushika. Tuliporudi yule mama akaniuliza, "Papa, umesikia nini?" Nikamwambia tumbo linanisumbua. "Basi wewe ni mzima na hukuvunjika kitu," akasema. "Kesho uje saa kumi na mbili."

Saa kumi na mbili asubuhi gari linakaguliwa kabla ya mtu kunywa chai. Mafuta ya injini, maji ya rejeta, magurudumu, breki, taa, mazutu kwenye tangi. Hayo dereva yeyote anayajua. Ya kwangu mapya yalikuwa nyuma: machela ifungike na isitetemeke kwenye reli zake, mfuko wa uzazi uwe na mkasi, vibano vya kitovu, glavu na vitenge visafi, baluni ya kupumulisha iwe na barakoa ya mtu mzima na ya mtoto mchanga. Halafu chupa ya oksijeni. Hapo muuguzi mkuu alinifundisha hesabu ambayo sijaisahau. Chupa ya lita 5 ikisoma baa 100 ina lita 500 za oksijeni. Mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, una dakika 50, basi. Kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini ni kilomita thelathini na kitu; siku ya jua dakika hizo zinatosha, siku ambayo lori limezama kwenye tope hazitoshi. Kwa hiyo dereva anayesema "mimi ni wa usukani tu, oksijeni ni ya muuguzi" hajaelewa kazi yake. Yeye ndiye anayeijua njia, na yeye ndiye wa kusema kama hewa itafika.

Watu wengi hufikiri sisi tunaitwa nyumbani. Mara chache sana. Simu zetu zilitoka kwa wauguzi wa vituo vya afya, kwa sababu ndivyo afya ilivyopangwa Kongo: jimbo letu la Kivu Kusini lina zoni za afya 34, mjini kuna Ibanda, Kadutu na Bagira, na kila zoni ina vituo vidogo vinavyotuma wagonjwa kwenye hospitali yao kubwa. Muuguzi wa kituo anaona jambo limemzidi, anaandika karatasi ya kumhamisha mgonjwa, anapiga simu. Mgonjwa wa kawaida kabisa wa ambulansi yetu alikuwa mama mjamzito. Mtoto amekaa vibaya, au uchungu umeshika tangu jana na njia haifunguki, au presha imepanda na mama ameanza kutetemeka mwili mzima. Huyo wa mwisho analazwa ubavu wa kushoto, ili uzito wa mimba usikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na dereva anatakiwa kuendesha kama vile barabara imemwagiwa mayai. King'ora tulikizima, maana kelele zile zinaweza kumrudishia degedege.

Sasa Kadutu. Tuseme kituo kiko huko Cimpunda chini, na gari limesimama juu kwa sababu njia imeliwa na mmomonyoko. Tunateremka na machela mikononi, muuguzi mbele na mfuko wake. Kwenda ni rahisi. Kurudi na mtu juu yake ndiyo kazi. Wabebaji wanne, wawili warefu wakae upande wa miguu, kwa kuwa tukipanda kichwa kinatangulia na miguu inabaki chini. Bila hivyo mgonjwa anateremka kama gunia. Mikanda inakazwa, lakini kwa mama mjamzito haipiti tumboni, inapita chini ya kwapa na juu ya magoti. Mmoja lazima awe msemaji, na sauti iwe moja: "Tunainua. Tunatembea. Jiwe, kushoto. Tunapumzika." Wakizungumza wawili, machela inapinda. Mvua ikinyesha, ngazi zile za udongo zilizokatwa kwa jembe zinakuwa sabuni, na hapo tunawavua viatu wabebaji, kwani vidole vya miguu vinashika kuliko soli.

Wabebaji wenyewe ni nani? Kwenye karatasi za shirika tulikuwa wawili, dereva na muuguzi. Wengine ni vijana wa avenyi, wale wale ambao mzee wa mtaa huwalalamikia kwamba wanashinda wakicheza karata. Nilijifunza kutowaita kwa amri. Nilishuka, nikawasalimia, nikasema, "Wadogo zangu, kuna mama yetu huku chini." Sikumbuki siku waliyokataa. Waliomba ya fanta baadaye, ndiyo, na mimi sikuona ubaya, ingawa mhasibu wetu aliuona, kwa kuwa hakuna risiti ya kijana aliyebeba mtu begani. Wakati tukipanda wanawake walitangulia kusafisha njia: "Mutupe njia! Mutupe njia, mama anazaa!" Hicho ndicho king'ora nilichokiamini. Magari barabarani yalikuwa yamezoea ving'ora vya wakubwa wanaowahi chakula cha mchana, hayakutupisha.

Kuna wajibu mmoja ambao hakuna aliyenifundisha, nao ni kukaa na familia wakati mgonjwa anaponyamaza njiani. Muuguzi wetu hakuwa na ruhusa ya kutangaza kifo. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini ndugu hawahitaji kutangaziwa. Wanaona. Halafu anatokea mmoja, kwa kawaida mjomba, anagonga dirisha dogo lililo nyuma ya kichwa changu: "Papa shofere, tafadhali mugeuze gari, turudi naye nyumbani." Nilimwelewa vizuri. Nyumba ya maiti inalipiwa kwa siku, na bili ya hospitali huwa inangoja mlangoni. Niliwahi kuona mwili ukizuiliwa mpaka ukoo uchange. Kurudi nyumbani kungewaokolea pesa za jeneza.

Sikugeuza gari, na kila mara nililaumiwa. Sababu yangu si ya sheria peke yake. Kwetu mtu akifa ghafla bila karatasi ya daktari, kabla matanga hayajaisha, neno karuho limekwisha kutajwa, sumu ile ambayo watu wa Bushi huiogopa kuliko risasi, na jirani fulani ameanza kuangaliwa vibaya. Nimeona familia mbili zilizopakana ua zikiacha kusalimiana kwa ajili ya neno hilo. Karatasi inayosema "damu ilitoka nyingi baada ya kuzaa" haizuii machozi, ila inazuia hilo. Kwa hiyo nilipunguza mwendo, nikamwambia mjomba akae mbele na mimi, na tukaenda.

Panzi ilikuwa safari nyingine kabisa. Hospitali ile ilianzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na tangu siku zile wanawake waliobakwa kwenye vita wamekuwa wakifika kutoka Walungu, Kalehe, Mwenga, na kutoka Shabunda, ambako barabara ni jina tu na wagonjwa walikuja kwa ndege ndogo hadi Kavumu. Kuwaendesha hao kulikuwa na kanuni fupi: dereva haulizi. Hamuulizi anatoka kijiji gani, hatazami nyuma kwa kioo, hasimami dukani kununua vocha huku gari likiwa na mtu. Muuguzi mwanamke anakaa naye, pazia linafungwa. Daktari alipopewa Nobeli ya Amani mwaka 2018 mji ulipiga honi mpaka usiku, nami nilipiga. Lakini niliwaza juu ya yale mapazia.

Misiba mikubwa watu huipenda kwenye simulizi, ila mimi nakumbuka vidogo vyake. Tetemeko la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008: wagonjwa walitolewa nje na seromu zao, zikatundikwa kwenye miti. Halafu Sange. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ile ile niliyoijua kwa lori langu. Wengine walikwenda kuchota, wengine walikuwa vibandani wakitazama Kombe la Dunia, na moto ukawachukua wote pamoja, watu zaidi ya 230. Umoja wa Mataifa, ambao ujumbe wake ulikuwa umeanza kuitwa MONUSCO siku moja tu kabla, ulitoa helikopta. Sisi tulipokea walioletwa Bukavu. Nilikuwa nikidhani aliyeungua sana atapiga makelele. Alikuwa kimya, akisema kiu tu. Kazi ilikuwa kumvua pete kabla vidole havijavimba, kuacha nguo iliyoshikamana na ngozi, kumfunika shuka safi kwa sababu ngozi ikiondoka mtu huona baridi hata kwenye joto, na kuendesha. Polepole, tena kuliko siku zote.

Magoti yaliniondoa kwenye usukani. Wakati wapiganaji wa AFC/M23 walipouteka mji katikati ya Februari 2025 nilikuwa tayari nakaa kwenye meza ya simu, na simu mbili mbele yangu, kwa kuwa mtandao mmoja ukilala mwingine huenda uko macho. Tarehe 27 mwezi huo kukatokea milipuko kwenye mkutano wa hadhara pale Place de l'Indépendance. Zaidi ya watu kumi walikufa na makumi waliumia. Meza yangu ililia, lakini majeruhi wa kwanza hawakungoja gari la mtu. Walibebwa na waliokuwa karibu nao.

Hapo ndipo mimi na wenzangu tunagombana mpaka leo. Bukavu, ambulansi ya kweli ya mtu aliyeanguka nyumbani ni pikipiki. Mgonjwa anawekwa katikati, motari mbele, ndugu nyuma akimshikilia, na wanapanda njia ambazo gari letu haliwezi hata kuzitazama. Wauguzi wengi wanasema tusiwaguse hao motari, tukiwafundisha tutakuwa tumebariki jambo baya: aliyevunjika shingo atauawa na pikipiki. Ni kweli, atauawa. Lakini aliyevunjika shingo ni mmoja, na wanaovuja damu ni wengi, na motari hatatuuliza ruhusa. Mimi nataka kila kituo cha motari, kuanzia Feu Rouge hadi soko la Kadutu, kiwe na watu wanaojua kukandamiza jeraha kwa kitambaa na kutoachia mpaka hospitali, na wanaojua kwamba aliyeanguka kutoka juu ya paa hapandishwi pikipiki, anangojewa machela. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananiambia, "Mzee, utaleta kesi." Nimemwandikia meneja barua juu ya jambo hilo. Amesema ataileta kwenye kikao.