Banda la Kuku Lawa Nyumba ya Watoto

Banda letu la kuku lilipobaki tupu, jirani alitaka kulikodi liwe stoo. Fedha tulizihitaji sana, lakini watoto wetu walikuwa wakichezea barabarani, penye magari. Mume wangu nami tuliomba, kisha tukakubaliana: liwe lao.

Tulifunga pua na mdomo kwa kitambaa, tukamwagia kinyesi maji kabla ya kukizoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Tuling'oa misumari, tukapaka kuta chokaa, tukangoja ikauke kabisa. Komeo la nje tuliliondoa, asije mtoto akafungiwa. Dirisha tulilitoboa upande wa jikoni.

Sasa nikipika nawasikia humo wakicheza kanisa. Mama mwenzangu, kodi tumeikosa, lakini watoto tunao. Bwana asifiwe!