Mzee Anayekwenda Msikitini

Mwaka 1984, baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, Abdulrazak Gurnah alirejea Zanzibar. Kutoka dirishani alimwona baba yake mzee akielekea msikitini, akajiuliza: huyu, alipokuwa mtoto, alihisi nini kuona wageni wakiitwaa nchi? Swali hilo likazaa riwaya ya Paradise ya mwaka 1994, ambayo leo twaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Dodoma. Daftari langu lina mahudhurio, michango na maazimio. Nikitaka kuandika habari za msikiti wetu, linanipa tarehe, halinipi kisa. Kwa Gurnah kisa hakikutoka kwenye daftari. Kilikuwa kikipita njiani, kikiwahi sala.

Yusuf wa riwaya hiyo, aliyetolewa kwa deni la babaye, anafuata msafara wa biashara kutoka pwani hadi bara. Misafara ya namna hiyo ilikatiza hapa Ugogo, ikienda Tabora na Ujiji. Safu yetu ya mbele wamebaki wazee wawili wanaojua waliyosimuliwa na babu zao. Ndugu zangu, tuwaulize wangali wanatembea, jeneza halijibu.