Mchezo Uliotoka Nyumbani

Wazazi wengi hapa Mpanda hudhani kuwa mchezo wa televisheni umezaliwa vibandani. Sisi nasi twavijua vibanda hivyo vya Makanyagio na Majengo: televisheni mbili tatu, benchi, watoto wamesongamana, na mwenye kibanda amekaa mlangoni akipokea shilingi zake kwa kila mchezo. Lakini asili yake si hiyo, na yafaa mwenye kulea aijue.

Aliyeubuni ni Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Mwaka 1966 alijiuliza: majumbani mwa watu mna mamilioni ya televisheni, nazo kazi yake ni kutazamwa tu, je, haziwezi kuchezewa? Yeye na wenziwe wakaunda chombo baada ya chombo, hata mwaka 1968 wakapata kisanduku cha kuridhisha, na mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ikakitoa madukani kwa jina la Odyssey. Hakikuwa na sauti wala rangi. Nukta nyeupe tu zikikimbizana, na karatasi angavu za plastiki za kubandika juu ya kioo ziwe kama uwanja. Tena, na hili ndilo lililotupendeza, hakikujua kuhesabu. Wachezaji walijihesabia wenyewe, wakaaminiana.

Basi kiliundwa ili watu wa nyumba moja wakae pamoja sebuleni. Kwetu Bara, ambako televisheni yenyewe haikuanza kurushwa mpaka miaka ya 1990, mambo yalikwenda kinyume. PlayStation ya Sony ilitoka Japani mwaka 1994, ya pili mwaka 2000, na bei ikazishinda nyumba nyingi. Mwenye mtaji akanunua, mtaa mzima ukalipia.

Kijana wetu alikuwa akirejea baada ya Isha, na pesa ya daftari imekwisha. Baadhi ya jirani zetu walipiga marufuku. Watoto wao wakahamia vibanda vya mbali zaidi. Sisi tulinunua PlayStation 2 iliyokwisha tumika, tukaiweka sebuleni: Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri, na Maghribi huzimwa. Mama yetu alikasirika, akasema tumemkaribisha mwizi ndani badala ya kumfungia mlango. Hatukumbishia. Na kweli, kijana bado huponyoka siku mojamoja kwenda kibandani.

Lakini wiki ya tatu tulimkuta mama amesogeza mkeka wake karibu, maana mjukuu wake wa kike alikuwa amemfunga kaka yake mabao manne, na kijana akishikilia kuwa la nne si halali, ingawa mashine ilikwisha lihesabu.