Sanduku la Funguo Tatu

Leo twataka kuwasimulia habari ya fedha za nyumba yetu, si kwa kuwa sisi ni hodari wa kuzitunza, bali kwa kuwa tulikosa kwanza, ndipo tukajifunza. Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu hufundisha shule, mwenzake hulima mboga katika bonde moja karibu na Lushoto. Tuna watoto wanne.

Kila akaaye katika milima ya Usambara aijua kazi ya masika. Shamba lisilo na matuta hupoteza udongo wake. Udongo hushuka mtoni usirudi tena. Fedha zetu zilikuwa vivyo hivyo. Mwaka mmoja kabichi zilipata bei njema, malori yakapanda kutoka Mombo, na wachuuzi wakanunua hata zile ndogo. Tukafurahi mno. Tulinunua viti vya kitambaa, redio kubwa, na nguo mpya za Krismasi kwa kila mtu. Wageni walipovisifu viti vile, tuliona kwamba tumefanikiwa.

Masika iliyofuata mvua ilizidi. Barabara ilizibwa na maporomoko, malori hayakupanda, na kabichi zikaoza magunia kwa magunia. Mwezi ule ule mama yetu mzee akashikwa na ugonjwa, ikatupasa kumpeleka hospitali. Nyumbani hatukuwa na akiba hata ya nauli. Tukaenda kwa mkopeshaji, akatupa shilingi 200,000, kwa sharti la kurudisha 300,000 baada ya miezi mitatu. Tulimlipa kwa kumwuza mtamba wetu, ambaye watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina. Viti vilikuwapo bado, walakini hapakuwa na mtu wa kuvinunua hata kwa nusu ya bei.

Usiku ule tuligombana. Mmoja alisema, “Ni vocha zako za simu.” Mwenzake akajibu, “Ni pikipiki zako.” Tulipochoka, tukapatana neno moja: kwa mwezi mzima tusilaumiane, ila kila senti iingiayo na itokayo iandikwe katika daftari. Mwezi ulipokwisha tulijumlisha. Pikipiki, kwa safari ambayo miguu yaweza kuimaliza kwa nusu saa, shilingi 38,000. Vocha, 18,000. Soda na maandazi ya njiani, 22,000. Jumla 78,000, na hakuna kati yetu aliyeweza kutaja faida yake. Hakuna aliyemcheka mwenzake, maana mikono ya wote wawili ilikuwa imeandika mle.

Tangu siku ile tulibadili mambo machache. Twatembea kwa miguu isipokuwa kwa mzigo au mgonjwa. Maharage twayanunua wakati wa mavuno na kuyatunza yakiwa makavu. Tena twayalowesha usiku, ili kuni zipungue. Sukari na mafuta twanunua kwa jumla pamoja na jirani, tukagawana. Sare za watoto hutiwa viraka mapema, kabla tundu halijawa kubwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hata kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu havijitokezi vyenyewe ifikapo Januari.

Hata hivyo tuliona kwamba fedha ikaayo chini ya godoro huwa na miguu. Ndipo tukaingia katika chama cha kuweka na kukopa. Tu watu 25. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mwenye kulitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila juma hununua hisa za shilingi 2,000, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Anayehitaji hukopa kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka riba hiyo hurudi kwetu sisi wenyewe.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1864, huko Heddesdorf katika Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha wakulima cha kuweka na kukopeshana, ili waokoke na wakopeshaji wakali. Na mwaka 1991 wanawake wa Maradi, nchi ya Niger, walianza vikundi vya akiba kwa msaada wa shirika la CARE, na mfano wao umeenea Afrika nyingi.

Sasa yatupasa kuungama kosa jingine, tena hili latuuma kuliko lile la viti. Katika bidii yetu ya kuweka akiba, mioyo yetu ilianza kukauka. Asubuhi moja shangazi yetu mzee alishuka kutoka mlimani, akaomba unga kidogo na chumvi. Siku ile ilikuwa ya kununua hisa. Tukamwambia, “Shangazi, leo hatuna.” Akajibu, “Haya, wanangu,” akaigeukia njia ile ndefu ya kupanda. Unga ulikuwa ndani.

Baada ya majuma mawili mtoto wetu wa tatu alipata homa. Mtu wa kwanza kubisha mlango alikuwa shangazi, na kikapu cha maharage mabichi kichwani. Hakusema neno juu ya siku ile. Aliketi karibu na mtoto hata jioni. Sisi hatukuweza kumtazama usoni.

Basi tukaongeza safu ya tatu katika daftari letu. Ya kwanza ni Yaliyoingia, ya pili Yaliyotoka, na ya tatu Fungu la Jamaa. Fungu hili ni dogo, lakini hutengwa kabla ya hisa, wala si baada yake. Likiisha, twasema kweli kwamba limekwisha.

Mwisho wa mwaka sanduku lilifunguliwa. Kwa hisa tatu kila juma, kwa majuma 50, tulipokea shilingi 300,000, kiasi kile kile tulichomlipa mkopeshaji, na faida juu yake. Tulinunua sare, na iliyobaki tukaanza nayo kutafuta mtamba mwingine.

Neno la mwisho ni hili. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza iliwashurutisha watu wa Mlalo kulima kwa matuta, nao wakaichukia kazi hiyo, ingawa matuta huzuia udongo. Nyumbani pia ni vivyo hivyo. Mume asimshurutishe mke kubana matumizi, wala mke mume; wakae pamoja, waandike pamoja, na watoto waone. Haba na haba hujaza kibaba, bali kibaba hicho na kiwe na mahali pa mkono wa shangazi.

Nanyi mwatendaje majumbani mwenu? Tuandikieni, tujifunze.