Nilibonyeza, lakini gari halikusikia

Wiki hii sitaandika kuhusu Java wala hifadhidata. Nataka kuwaeleza kuhusu gari langu, na mzee mmoja niliyemkosea.

Jumamosi moja niliegesha nje ya duka kubwa kando ya Barabara ya Thika. Nilishuka simu ikiwa sikioni (ndiyo tabia yetu Nairobi), nikabonyeza rimoti nikiwa nimeshageuka, nikaingia ndani. Baada ya dakika 20 narudi, laptopu haipo. Mkoba mzima umeenda, pamoja na kazi ya wiki 2 ambayo sikuwa nimeihifadhi kwingine. Najua, najua, msinicheke. Vioo vizima, milango haina hata mkwaruzo.

Nikamrukia soja wa maegesho, mzee wa umri wa babangu. Nikamwambia kama si yeye aliyeiba basi anawajua walioiba. Akanijibu kwa upole, "Kijana wangu, hili gari halijavunjwa. Hukulifunga." Hasira zikanizidi. Nimelifunga! Nimebonyeza! Msimamizi wake akaitwa, na mzee akaambiwa aende nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Usiku usingizi haukuja. Mimi huandika programu, na kuna swali ambalo humuuliza kila kijana anayeanza kazi hii: umetuma ujumbe, umejuaje umefika?

Rimoti nyingi za magari yetu hutuma tu, hazipokei jibu. Zile za magari ya Japani mara nyingi huwa karibu na megahezi 315, za Ulaya 433.92. Mtu akikaa jirani na kifaa kidogo kinachopiga kelele kwenye masafa hayo hayo, gari halisikii rimoti, kama vile wewe usivyoweza kusikia mnong'ono ndani ya matatu yenye muziki. Ukishaondoka, anafungua mlango kama mwenyewe. Hajavunja kufuli, hajajua siri yoyote.

Siri yenyewe si rahisi. Kila ukibonyeza, rimoti hutuma nambari mpya, na gari hukataa iliyokwisha kutumika. Lakini mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kifaa cha dola 32 hivi kinachozuia na kunasa nambari ya kwanza. Ukibonyeza tena, kinanasa ya pili na kulipelekea gari ile ya kwanza. Gari linajifunga, unaenda zako, naye kabaki na nambari mbichi mfukoni.

Injini ni jambo jingine, kwa sababu magari mengi hutaka chipu iliyo ndani ya ufunguo. Ndiyo maana wengi huchukua vitu tu. Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe wasishangilie, maana mwaka 2011 watafiti wa Zurich walijaribu aina 10 za magari hayo, zote zikakubali. Antena moja karibu na mfuko wako, nyingine karibu na gari, nalo likadhani uko hapo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi pale na laptopu ya kuazima na kipokezi cha redio cha USB, kile cha bei nafuu. Nikakaa ndani ya gari. Dakika 40, kimya. Halafu mama mmoja akaegesha, na kwenye skrini ukatokea mstari mnene juu ya 315. Akabonyeza. Taa za indiketa hazikumulika. Akaenda. Nikatoka mbio nikimwita, "Mama, gari halijafungwa!" Picha ya ule mstari nikampelekea msimamizi.

Mzee alirudi kazini, ila siku alizokaa nyumbani hakulipwa. Nilimpelekea pesa hizo mwenyewe. Alikataa, kisha akapokea kwa sababu ya karo. Siku hizi nikiegesha pale, hasemi kitu. Ananitazama tu mpaka nivute mlango kwa mkono.