Mama aliponiambia ‘fumua’, nilibaki mdomo wazi

Msomaji wangu, kwanza nikiri dhambi yangu. Nilipopanga chumba changu cha kwanza, kule Kimara, mama alikuja kuniona akiwa na furushi. Alipolifungua nikakuta vitambaa vya kufuma: viwili vya kuweka kwenye makochi (makochi yenyewe sina, nina godoro na stuli!), kimoja cha tivii na kimoja cha kufunikia ndoo ya maji ya kunywa. Vyeupe pee, vina maua pembeni. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka kituoni, na niliporudi nikavisokomeza chini ya godoro. Vilikaa huko miaka mitatu. Nilikuwa naona aibu. Shoga zangu wakiingia wakute tivii imevaa kilemba? Wangenicheka mpaka basi. Si mnajua tena mambo ya mjini!

Na vitambaa hivyo hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Mama alikuwa na kibanda kando ya barabara ya Morogoro, hapa hapa Kibamba. Asubuhi vitumbua, mchana kutwa sindano na uzi. Wale mnaoikumbuka miaka ya tisini mnajua: nyumba haikuwa nyumba kama kochi halina kitambaa mgongoni. Redio ilikuwa na chake, meza ilikuwa na chake, hata jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni ili kisipeperuke. Msichana akikaribia kuolewa, mama halali. Mwaka 2017, wakati wa kupanua barabara, nyumba na vibanda vya kando kuanzia Kimara mpaka Kiluvya vilivunjwa, na kibanda cha mama kikaenda na vingine. Akahamishia kazi barazani kwake, kule Gogoni. Wateja wakapungua, maana nani atakufuata huko ndani kwa ajili ya kitambaa?

Basi mwaka jana, mwezi wa nne, nikapigiwa simu usiku. Mama ameanguka bafuni. Kiharusi. Alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani upande wa kulia umelala. Mkono wa kulia, ule ule wa sindano! Maneno nayo yalikuwa yanatoka moja moja, kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho mfukoni. Nikarudisha chumba cha Kimara kwa mwenye nyumba, nikabeba godoro langu (na vile vitambaa chini yake), nikahamia Gogoni kwa mama.

Ngoja niseme jambo ambalo watu hawalisemi. Kumwogesha mama yako mzazi si kazi ndogo. Siku ya kwanza wote wawili tulikuwa tunaangalia ukutani. Nilitumia lile dodoki la wavu wa nailoni linalouzwa kila duka, maana ndilo nililozoea mwenyewe. Nikasugua kama ninavyojisugua mimi. Kumbe upande uliopooza unaweza usisikie vizuri. Unaumia na mwenyewe hana habari. Jioni nikakuta mchubuko begani, mwekundu, unatoa majimaji. Nililia, jamani. Nesi mmoja anayeishi mtaa wetu akanipa somo la bure: tumia kitambaa laini cha pamba, maji ya uvuguvugu uyapime kwa kiwiko chako na siyo kwa mwili wa mgonjwa, kausha vizuri kwenye mikunjo, na mgeuze mara kwa mara asipate vidonda vya mgongo.

Nikaenda kununua vitaulo vidogo. Vile vya bei chee vinateleza mwilini kama mfuko wa nailoni, maji havinywi, vinayasukuma tu pembeni. Vya pamba tupu bei yake ilikuwa imesimama, na mimi wakati huo kibarua kilikuwa kimeota nyasi kwa sababu ya kukosa kosa kazini nikimuuguza mama.

Siku moja nafagia chini ya kitanda cha mama, nikavuta mfuko wa rambo. Ndiyo, rambo lenyewe, lile lililopigwa marufuku tangu Juni 2019. Mama bado alikuwa analitunza kama hati ya kiwanja. Ndani kulikuwa na mabaki ya uzi wa miaka yote: madonge meupe, ya maziwa, ya bluu, mengine saizi ya limau, mengine saizi ya punje ya karanga. Nikajisemea, si uzi wa pamba huu? Nikamwonyesha mama. Akalitazama lile rambo muda mrefu, halafu akanionyesha kwa mkono wa kushoto droo ya kabati. Sindano zilikuwa humo, zile zenye ndoano mbele.

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Mimi binti wa mfumaji, umri wangu huu, nilikuwa sijui hata kufunga kitanzi cha kwanza. Mama mwalimu, mkono hana, maneno hana. Alikuwa amebaki na maneno kama matano hivi, na alilolipenda kuliko yote ni “fumua”. Nikikosea, “fumua”. Nikipatia lakini nimekaza uzi mno, “fumua”. Nikamwambia, mama, leo pumzika basi. Akacheka upande mmoja wa mdomo.

Kazi yenyewe, kwa wale wanaotaka kujua, ni rahisi kuliko kupika chapati. Unafunga kitanzi, unavuta uzi ndani yake kwa ndoano, unavuta tena na tena mpaka upate mnyororo. Kwa sindano ya milimita 4, mimi natengeneza vitanzi 35 hivi. Unarudi juu yake: ingiza ndoano kwenye kitanzi, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili kwenye sindano, vuta uzi upite katika vyote viwili. Kimekwisha. Nenda cha pili. Mwisho wa mstari ongeza kitanzi kimoja cha juu, geuza, endelea. Ikifika umbo la mraba, kata uzi. Kitambaa kimoja kinakula kama gramu 40 tu, ndiyo maana mabaki yanatosha. Na usikaze! Kikiwa kimelegea kidogo kinakunywa maji, kinatoa povu, na kinakauka upesi kwenye kamba.

Changu cha kwanza kilianza na vitanzi 35 kikaishia na vitatu. Pembetatu! Kumbe kila mwisho wa mstari nilikuwa naruka kitanzi cha mwisho. Dada wa saluni ya jirani aliniuliza kama nafuma chupi. Sikumjibu. Siku hizi nahesabu kila mstari kwa sauti, na mama ananiitikia kwa kidole cha mkono wa kushoto. Yule anayemfanyisha mazoezi ya viungo anasema kuhesabu huko nako ni mazoezi.

Kitu kingine nilichojifunza ni kuutambua uzi. Kariakoo nilishauziwa uzi nikaambiwa ni pamba, nikafuma vitambaa viwili, havinywi tone. Kata kipande kidogo, kichome kwa kiberiti ukiwa nje, mbali na vitu vinavyoshika moto. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini. Akriliki inayeyuka, halafu inaganda kidonge cheusi kigumu. Huo fumia kofia au sweta la mtoto, siyo kitambaa cha kuogea. Pamba ina sifa nyingine: ikilowa haidhoofiki, inazidi kuwa imara, kwa hiyo kitambaa cha mgonjwa unakichemsha na kukianika juani bila wasiwasi. Ila rangi nyekundu iloweke peke yake kwanza. Mimi nilimwogesha mama akatoka na mgongo wa waridi.

Halafu kuna hili ambalo lilinikaa moyoni. Kufuma kwa sindano ya ndoano ni kazi ambayo mashine za viwandani bado hazijaiweza. Mashine zinafuma kwa namna nyingine, hii ya kroshia inatoka mikononi mwa watu. Miaka ya 1840 na 1850 kule Ireland, viazi vilipooza mashambani na watu wakafa njaa, wanawake wengi walilisha familia zao kwa kufuma hivi hivi na kuuza. Sasa nikaanza kuvihesabu vile vitambaa vyangu vya chini ya godoro. Ua moja, vitanzi vingapi? Kitambaa kimoja, maua mangapi? Nilikuwa nimelalia usiku ngapi za mama yangu?

Mabaki yakaisha mwezi wa saba. Nikafungua kabati kutafuta mengine, nikakuta kazi kubwa imekunjwa vizuri: seti ya makochi ya mteja, vitambaa vinne vimekamilika na cha tano kimefika katikati, sindano bado imechomekwa kwenye kitanzi. Ndicho alichokuwa anakifuma wiki ile aliyoanguka. Mteja alishalipa nusu. Nikamletea mama kitandani, nikidhani atafurahi. Nikamwambia nitajifunza maua, nitakimalizia.

Akakipapasa kwa mkono wa kushoto, ua kwa ua. Akafika pale sindano ilipo. Akasema, “Fumua.”

Nikadhani amekosea neno. Nikamuuliza, mama, nifumue hiki? Akasema tena, “Fumua. Vyote.” Nikabaki mdomo wazi. Nikamwambia sifumui kitu hapa, labda nife. Tukanuniana mpaka saa ya chakula. Jioni nikampigia mteja kumweleza hali ilivyo. Akanisikiliza, akanipa pole, akasema fedha yake nimrudishie kidogo kidogo, maana na yeye makochi ameshauza. Namalizia mwezi ujao.

Nilikifumua kile cha tano tu. Mama alishika donge kwa mkono wa kushoto, mimi navuta, yeye anazungusha juu ya paja. Ilituchukua Jumapili nzima. Uzi ukitoka kwenye kazi unakuwa umejikunja kunja kama nywele zilizosukuliwa. Tuliuloweka, tukauanika umening'inizwa kitu kizito, ukanyooka. Nimepata vitambaa vitatu vya kuogea, laini kuliko vyote. Vile vinne vilivyokamilika nimevitandika kwenye makochi ya mama. Kile cha tivii nacho nimekitoa chini ya godoro, kimekaa juu ya tivii, na shoga zangu wamekuja wamekiona. Mmoja kauliza kinauzwa bei gani.

Begani kwa mama pamepona, limebaki baka tu. Jana nilikuwa nafuma kitambaa kingine, cha maziwa, nikiwa namsimulia habari za mtaani. Akanyoosha kidole, akanionyesha mstari wa sita. Nikahesabu. Thelathini na nne.

Hata hakusema kitu. Nikaanza kufumua mwenyewe.