Keroka: Urembo uliomo ndani ya parachichi

UKITOKA mjini Kisii na kushika barabara iendayo Sotik, utapanda na kushuka milima ya migomba na majani chai kwa yapata kilomita 25, kisha utafika Keroka. Mji huu una kioja chake. Upande mmoja uko katika Kaunti ya Kisii na upande wa pili uko Nyamira, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, pande hizo zimevutana mara kwa mara kuhusu nani atoze ushuru sokoni. Wewe mnunuzi usijali. Parachichi halina kaunti.

Shuka kwenye matatu na, ikiwa ni asubuhi, waamkie akina mama sokoni kwa neno "Bwakire". Salamu hiyo ndogo itakufungulia mengi. Mbele yao utaona mikungu ya ndizi, chinsaga na managu, na mafungu ya maparachichi, au avokado kama wengi wetu tunavyoyaita. Lile lenye ganda la vipelevipele ambalo hugeuka jeusi linapoiva ni Hass. Lile lenye ganda laini ambalo hubaki kijani hata likiiva ni Fuerte. Wanaonunua ili kuuza ng'ambo hutaka tunda gumu lisilo na doa. Lililoiva sana au lenye ganda la mabaka hubaki nyuma, na hilo ndilo linalokufaa wewe kwa kazi ya leo, mradi nyama yake haijaoza.

Kazi yenyewe ni kutengeneza mafuta ya ngozi. Mimea mingi huweka mafuta yake katika mbegu, na kuyatoa huhitaji mashine ya kukamua. Parachichi huyaweka katika nyama. Kila gramu 100 za nyama hiyo zina gramu 15 hivi za mafuta, kwa hivyo hata jiko la nyumbani linaweza kuyatoa.

Wanaoishi mahali penye jua kali hutandaza nyama iliyopondwa na kuikausha nje. Lakini milima hii ya Gusii hunyeshewa mara nyingi mno alasiri, na nyama ikikosa kukauka upesi huota ukungu. Afadhali sufuria. Chukua maparachichi 10 yaliyoiva barabara, toa kokwa na maganda, ponda nyama hadi ilainike, kisha iweke kwenye moto mdogo. Koroga bila kuchoka ili isishike chini. Itabadilika kutoka kijani hadi kahawia, maji yatakwisha, na mafuta yataanza kujitenga pembeni. Epua, acha ipoe kidogo usije ukaungua, kisha kamua kwa kitambaa safi kikavu. Acha mafuta yatulie usiku kucha, halafu mimina yale maangavu ya juu kwenye chupa kavu na uache machicha chini. Usitarajie lita. Utapata kiasi kidogo, lakini tone moja hutosha mkono mzima.

Ukitaka mafuta mazito ya midomo, changanya vijiko vinne vya mafuta hayo na kijiko kimoja cha nta ya nyuki. Weka bakuli lenye mchanganyiko ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi, kwa hivyo haihitaji moto wa moja kwa moja. Mimina kwenye kikopo kikavu na uache kigande.

Umeona jinsi neno "kavu" linavyorudiwa? Hapo ndipo penye siri yote. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Bakteria na ukungu huhitaji maji ili kuzaana. Mafuta makavu yakiwekwa mahali pa giza na baridi yatadumu kwa muda, na yakianza kunuka uchachu, yatupe. Lakini parachichi lililopondwa na asali kwa kupaka usoni lina maji tele. Lipake saa ile ile, nawa, na masalio uyatupe. Jokofu huchelewesha tu uharibifu. Viwanda hutia dawa za kuhifadhi katika krimu zao. Jikoni kwako hazimo.

Usidanganyike pia kwamba kila kitu cha asili ni salama. Maji ya limau yakipakwa usoni kisha uende juani, yanaweza kukuunguza na kukuachia madoa. Huko Tabaka, katika Kaunti hiyo hiyo ya Kisii, vinyago huchongwa kwa mawe ya sabuni, na vumbi lake ni laini kama poda. Usilipake, wala usilivute puani, kwa maana huharibu mapafu. Zebaki nayo hutoka ardhini, lakini ikitiwa katika sabuni za kujichubua hudhuru figo na ubongo. Nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka wa 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe kufikia mwaka wa 2025. Ukiona sabuni inayoahidi weupe wa haraka bila kuandika kilichomo, iache dukani.

Hata mafuta yako mwenyewe yajaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko na ungoje saa 24. Mwenye mzio wa glavu za mpira awe mwangalifu zaidi, kwani parachichi huweza kumdhuru vilevile. Tena mafuta haya hayazuii jua: mtoto mwenye ulemavu wa ngozi bado anahitaji krimu maalumu ya kukinga jua, kofia na mikono mirefu.

Basi ukipita Keroka, usinunue ndizi peke yake. Mwambie mama akuchagulie maparachichi yaliyoiva, yale anayoyauza kwa bei ya chini. Yeye atapata pesa kwa mzigo ambao kesho angeutupa, nawe utajipaka kitu ambacho unajua kilikotoka.